Binti yangu katumiwa picha ya utupu na mtu asiyemjua. Nimnyang'anye simu?

SWALI: Binti yangu ana miaka 13. Nimegundua kwamba mwanamume asiyemjua alimtumia Instagram picha ya sehemu zake za siri. Ni wiki kadhaa sasa. Aliifuta, akanyamaza, nimejua kwa sababu mdogo wake aliropoka. Baba yake anataka simu ifungiwe kabatini mpaka amalize shule. Mimi naona hilo halitatui, ila sina la kuweka mahali pake. Nina pia kijana wa miaka 16 aliye kwenye makundi ya WhatsApp ya wenzake, na sijui huko kunapita nini. Nianzie wapi?
Mama wa watoto watatu

JIBU:

Mama, nianze na simu, maana ndiyo inayowagombanisha nyumbani. Msimnyang'anye. Simtetei mtoto dhidi ya baba yake, naangalia kitakachofuata. Mtoto aliyetumiwa picha chafu, kisha akapokonywa simu, hapo anajifunza kwamba akisema anapoteza. Akitumiwa tena, na kutumiwa tena ni jambo la kutarajia, atafuta na kunyamaza kama safari hii, ila safari hiyo hata mdogo wake hataambiwa. Watoto wanaokuja kwangu baada ya mambo kuharibika hunitajia sababu hiyohiyo ya kukaa kimya. Yule mtu aliwatisha, ndiyo, lakini walichokihofia zaidi ni mzazi kuchukua simu.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mipangilio yoyote, binti yako aambiwe kwamba hakukosea. Hakuiomba picha ile. Kuifungua meseji si kosa, kwa sababu mtu hawezi kujua kilichomo kabla hajafungua. Ayasikie haya kwako na kwa baba yake pia, kwa kuwa lililomfunga mdomo huenda ni hofu ya baba kuliko hofu yako. Na mdogo wake msimgeuze mchongezi. Bila yeye msingejua kitu.

Ili mjue kwamba si nyinyi peke yenu: mwaka 2021 Ofsted, taasisi inayokagua shule kule England, ilitembelea shule na vyuo 32 na kuzungumza na watoto na vijana zaidi ya 900. Karibu asilimia 90 ya wasichana, na karibu asilimia 50 ya wavulana, walisema kwamba kutumiwa picha au video za ngono wasizotaka kuziona ni jambo linalowapata wao au wenzao, mara nyingi au mara mojamoja. Wengi walishaacha hata kulisema. Limekuwa la kawaida mno kwao, hawaoni faida ya kulipeleka kwa mtu mzima. Ukimya wa binti yako una wenzake wengi sana.

Sasa kuna mazungumzo ambayo lazima uyafanye, na si ya kufanywa mkiwa mmekaa sebuleni mnatazamana kama mahakamani. Mtembee pamoja, au mfanye kazi fulani ya mikono huku mnaongea. Mtoto wa miaka 13 husema mengi zaidi macho yake yakiwa na pa kwenda. Usimuulize "kwa nini uliifungua?" wala "mbona hukuniambia?" Yote mawili ni mashtaka yaliyovaa sura ya maswali. Muulize alichoandika huyo mtu kabla ya picha na baada yake. Muulize kama alimwomba kitu: picha, namba ya simu, kuhamia programu nyingine, au kulifanya siri. Halafu muulize huyo mtu anajua nini juu yake, jina kamili, shule, anakokaa, rafiki zake ni nani.

Sababu ya kuuliza hivyo ni hii. Wapo wanaotuma picha za namna hiyo kwa mamia ya watu wasiowajua na kwenda zao, kwa ajili tu ya raha ya kushtua. Lakini wapo wanaotuma ili kupima. Wanataka kuona mtoto atafanya nini: atawafungia mlango, atajibu kwa hasira, atacheka, au atauliza "wewe nani?" Anayejibu, hata kwa matusi, ameonyesha kwamba yupo na anasoma. Baada ya hapo maneno hugeuka kuwa laini. "Samahani, ilikuwa ya mtu mwingine." "Una miaka mingapi?" "Nimekutumia yangu, nawe nitumie yako, tuwe sawa." Hilo la mwisho ndilo la hatari, kwa sababu linamfanya mtoto ajihisi ana deni. Kwa hiyo ukisikia kwamba picha ilikuja na kuondoka bila neno la kabla wala la baada, pumua. Ukisikia mazungumzo yaliendelea, usishtuke usoni. Shuka naye polepole, uulize kama naye alituma chochote, na umwambie kabla hajajibu kwamba jibu lolote atakalotoa halitakupandisha hasira. Kisha timiza ahadi hiyo.

Huenda pia akakuambia kwamba aliangalia mara ya pili, au alimwonyesha rafiki wakacheka. Kinyaa, kicheko, udadisi na woga huweza kumjia mtoto vyote ndani ya dakika moja. Mwambie ni kawaida, yaishe.

Tuje kwenye akaunti yake. Kabla ya jambo lolote jingine, fungua Instagram yake mkiwa wote wawili mtazame mwaka wa kuzaliwa uliosajiliwa. Nakuomba usiliruke hili. Programu hizi zinataka mtumiaji awe na miaka 13 kwenda juu, hivyo mtoto aliyejiunga akiwa na 10 alidanganya mwaka, na mara nyingi hakudanganya kwa hesabu. Alisogeza tu gurudumu la tarehe mpaka likasimama mwaka fulani wa mbali. Matokeo yake ni kwamba kwenye kumbukumbu za Instagram binti yako wa miaka 13 anaweza kuwa mwanamke wa miaka 24. Na ulinzi karibu wote wa vijana unafuata tarehe ile. Tangu Septemba 2024 Instagram ilianza kuweka vijana kwenye akaunti za aina yao: zinakuwa za faragha tangu mwanzo, mtu ambaye kijana hamfuati wala hajaunganishwa naye hawezi kumwandikia, na aliye chini ya miaka 16 anahitaji ruhusa ya mzazi kulegeza masharti. Mwaka huohuo ikaletwa kinga ya picha za utupu kwenye meseji, ambayo kwa walio chini ya miaka 18 huwa imewashwa tayari. Picha ikiingia hufunikwa ukungu, na kijana huulizwa kama anataka kuiona, kumzuia aliyetuma au kumripoti. Uchambuzi hufanyika ndani ya simu yenyewe. TikTok nayo haiwapi kabisa walio chini ya miaka 16 meseji za moja kwa moja. Vyote hivi havimhusu "mwanamke wa miaka 24".

Ukikuta mwaka ni wa uongo, rekebisheni. Ikikataa, afungue akaunti mpya kwa umri wa kweli, awahamishe marafiki anaowajua kwa sura, na ile ya zamani ifutwe. Atalalamika kuhusu wafuasi atakaowapoteza. Mwache alalamike, na mkiwa hapo mtapata nafasi ya kuipitia orodha ya wafuasi jina kwa jina. "Huyu ni nani?" Ukisikia "sijui, alini-follow tu", basi mmeshaona mwanya ulipo.

Kuna milango mingine, na si yote inayolingana kwa uzito. WhatsApp ndiyo ninayoona imesahaulika zaidi, kwa sababu wazazi huiona ni ya familia. Kwa kawaida yeyote mwenye namba ya mtoto anaweza kumwandikia, na anaweza kumwingiza kwenye kundi lenye watu mia asiowajua. Nenda kwenye Mipangilio, kisha Faragha, kisha sehemu ya vikundi, uchague wanaoruhusiwa kumwongeza wawe walio kwenye orodha yake ya namba. Picha yake ya wasifu pia ionekane na hao tu. Halafu nenda kwenye sehemu ya hifadhi na data uzime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja, na kwenye sehemu ya gumzo uzime kuonekana kwa picha kwenye galari. Hapo picha haitajitua yenyewe kwenye simu. Itabaki ukungu mpaka mtu aibonyeze. Ni dakika chache tu za kazi, na zinamwondolea mtoto mambo mengi ambayo yangemfikia bila yeye kuchagua.

Simu kwa simu, nako kuna mlango. Watu wamekuwa wakitumiwa picha za utupu na mtu aliyeketi viti vichache nyuma yao ndani ya basi au treni, kwa AirDrop, njia ya iPhone ya kurushiana picha na simu iliyo karibu. Apple ilibana hilo kwa toleo la Desemba 2022, hivyo kupokea kutoka kwa "kila mtu" sasa hudumu dakika 10 tu. Weka "anaowafahamu pekee", na kwenye Android fanya vivyo hivyo kwa njia yake, Quick Share.

Kama mtoto anatumia iPhone, kwenye Screen Time, sehemu ya mipangilio ya kusimamia matumizi ya simu, mna kipengele kiitwacho Communication Safety. Kilianza mwishoni mwa 2021 kwenye Messages, na mwaka 2023 kikapanuliwa hadi AirDrop na kwingineko. Hufunika picha na video za utupu kabla hazijaonekana, na ukaguzi wake haupeleki picha kwa Apple. Google Messages nayo ina onyo la namna hiyo. Ila usidhani umefunika nyumba nzima: vipengele hivi hufanya kazi ndani ya programu zao na zile zilizokubali kuviunganisha, na huko nje ya hapo havioni kitu.

Kwenye utafutaji wa Google washa SafeSearch, kichujio cha kuficha matokeo ya ngono, basi. Na kama mna Wi-Fi nyumbani, Cloudflare wana huduma ya bure iliyoanza Aprili 2020 inayozuia tovuti za ngono; unaandika tu 1.1.1.3 mahali pa anwani ya DNS, ile inayotafutia simu tovuti, kwenye mipangilio ya ruta, kifaa kinachotoa Wi-Fi. Inasaidia sana kwa mtoto wenu mdogo anayegusagusa viungo ovyo. Kwa tatizo la binti yako haisaidii, kwa sababu picha ile haikutoka kwenye tovuti chafu, ilipita ndani ya programu halali ambayo nyote mnaitumia. Naona wazazi wengi wakilipa fedha kwa vichujio vya tovuti na kulala usingizi mzito huku inboksi ya mtoto ikiwa wazi kwa dunia nzima.

Na programu za upelelezi, zile za kusoma meseji za mtoto bila yeye kujua? Sizipendi kwa mtoto wa umri huu. Watoto huzigundua, na wakizigundua huhamia kwenye akaunti ya pili au simu ya rafiki, mahali ambapo hutakuwepo kabisa. Mtoto wa miaka 8 ni jambo jingine: simu yake unaweza kuishika wazi, akijua.

Kuripoti sasa. Umesema aliifuta, na wazazi hufikiri hapo kesi imekufa. Haijafa. Kama uzi wa mazungumzo au ombi la meseji bado lipo, akaunti inaweza kuripotiwa. Andika pembeni jina la akaunti lenye alama ya @, maana lile jina la kupambia hubadilishwa wakati wowote. Nakili na kiungo cha wasifu wake, tarehe ya picha kwa kadiri anavyokumbuka, na maneno aliyoandika. Kwenye fomu chagua sababu inayomtaja mtoto, usichague ile ya "picha za utupu" kwa ujumla, maana ripoti za watoto hupelekwa kwingine na kwa haraka tofauti. Mkishamaliza kuripoti ndipo mmzuie. Wengi huanza kwa kuzuia kwa sababu ya hasira, kisha wanahangaika kumtafuta.

Kwa siku zijazo mfundishe utaratibu mfupi: picha ikiingia, asijibu, asifute, aiweke simu kifudifudi aje kwako au kwa baba yake. Wewe ndiye utakayeishika kuanzia hapo. Kwa WhatsApp, ukimripoti mtu, meseji zake tano za mwisho hupelekwa WhatsApp zikaangaliwe; lakini tazama kisanduku kinachouliza kama mazungumzo yafutwe kwenye simu yako, usikitie tiki kama mnahitaji ushahidi. Picha za kutazamwa mara moja haziruhusu kupigwa picha ya skrini pale, ila kuripoti bado kunawezekana.

Hapa kuna mtego ambao watu wazima wenye nia njema hunasa. Kama aliye pichani ni mtoto, au anaonekana anaweza kuwa chini ya miaka 18, usipige picha ya skrini, usiihamishie kwenye simu yako, usimtumie mwalimu wala shangazi "aone mambo haya". Katika nchi nyingi kuwa nayo tu au kuisambaza ni kosa, na nia yako njema huenda isikuokoe. Andika maelezo, ipeleke simu yenyewe polisi ilivyo. Kumbuka pia kwamba simu nyingi hupakia picha kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe. Mwaka 2022 iliripotiwa habari ya baba mmoja Marekani aliyempiga mwanawe mdogo picha ili daktari aione. Mfumo wa Google ukaitilia alama, akaunti yake ikafungwa, na polisi wakamchunguza. Polisi waliona hakuna kosa. Akaunti haikurudi.

Kuhusu polisi, usiogope kwamba jambo ni dogo. Mtu mzima kumtumia mtoto picha ya utupu ni kosa katika nchi nyingi hata pale ambapo hakuna sheria iliyoandikwa mahususi kwa intaneti. Na sheria mahususi zinaongezeka. Singapore inayo tangu 2020. Kule England na Wales kosa hili lilianza kutumika tarehe 31 Januari 2024, na adhabu yake inafika miaka 2 jela. Mwezi Machi mwaka huohuo mtu wa kwanza kuhukumiwa chini ya kifungu hicho alifungwa wiki 66. Alikuwa ametuma picha zake kwa mwanamke mmoja na msichana wa miaka 15. Ukifika kituoni, sentensi yako ya kwanza itaje umri wa mtoto. "Mtoto wangu wa miaka 13 ametumiwa picha ya ngono na mtu mzima" husikilizwa tofauti na "kuna mtu anamsumbua binti yangu mtandaoni." Omba afisa anayeshughulikia watoto kama yupo, na mtoto asilazimishwe kulisimulia mbele ya kaunta.

Ikiwa katika yale mazungumzo yenu amekiri kwamba naye alituma picha yake, usikate tamaa na usimkatishe. Akianza kutishiwa kwamba picha itasambazwa, msilipe. Anayelipwa mara ya kwanza hurudi kudai zaidi. Mkatishe mawasiliano, mtunze vitisho vyote vilivyoandikwa, mripoti. Kuna huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na kunyanyaswa, NCMEC, na hupokea watu wa nchi yoyote. Inavyofanya kazi ni hivi: picha haitoki kwenye simu yenu. Simu inaikokotoa na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha picha hiyo tu, na mfuatano huo ndio unaopelekwa. Majukwaa yaliyojiunga, yakiwemo Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat, yakikutana na picha yenye mfuatano huo yanaweza kuiondoa au kuizuia. Huhitaji kutoa jina. Haiingii ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji kama ya WhatsApp, kwa hiyo si tiba ya kila kitu, lakini kwa mtoto anayelala akiwaza kwamba picha itatokea popote, kuwa na jambo la kufanya ni nafuu kubwa.

Sasa kijana wako wa miaka 16, ambaye katika barua yako umempa sentensi moja. Ningempa muda mrefu kuliko huo.

Kwanza, yeye pia hutumiwa. Kwa wavulana picha isiyoombwa mara nyingi huja na sura ya bahati: msichana mrembo asiyemjua, maneno matamu, picha ya kwanza anatuma yeye. FBI imekuwa ikionya kwamba wanaolengwa zaidi na udanganyifu wa kutishiwa picha ili walipe fedha ni wavulana wa miaka 14 hadi 17. Nyuma ya yule msichana huwa pameketi kundi la matapeli. Kijana hataiita picha ile "unyanyasaji", kwa hiyo ukimuuliza "umewahi kunyanyaswa mtandaoni?" atasema hapana kwa moyo mweupe. Muulize hivi: "Msichana usiyemjua akikutumia picha zake leo usiku, utafikiri anataka nini?" Hapo mtaongea. Na mwambie wazi, mbele ya baba yake, kwamba akibanwa aje hata saa nane za usiku, hata kama yeye ndiye aliyeanza kutuma. Wavulana hufa kwa aibu hii, na simaanishi kwa mfano.

Pili, anaweza kuwa upande wa pili wa picha. Vijana wengi wanaotuma picha zao kwa wasichana bila kuombwa hawajioni wakosaji. Wanaona wanatania au wanatongoza. Baba yake ndiye wa kumwambia hili: picha ya mwili hatumiwi mtu ambaye hajaiomba, na kwa walio chini ya miaka 18 haitumwi hata ikiombwa, kwa sababu sheria za nchi nyingi zinaihesabu ni picha ya ngono ya mtoto, hata mpigaji akiwa ni mtoto mwenyewe. Picha ya mwenzake kuisambaza ni mbaya zaidi. Na zile "za utani" zinazotengenezwa kwa akili bandia pia zimo. Mwaka 2023 katika mji wa Almendralejo, Hispania, wavulana walitumia programu ya akili bandia kutengeneza picha bandia za utupu za wasichana wa mji wao zaidi ya 20, wengine wakiwa na miaka 11 tu, wakazisambaza WhatsApp. Mwaka uliofuata mahakama ya watoto iliwatia hatiani vijana 15 na kuwaweka chini ya uangalizi mwaka mmoja.

Tatu, na hapa ndipo penye kundi lake: yeye si mtumaji wala mtumiwa, ni mmoja wa arobaini wanaoona. Kumwambia "toka kwenye kundi" ni rahisi kwako. Kwake, hata kama WhatsApp inawajulisha maadmini tu, wenzake watagundua, na kutoka kunamfanya mnafiki wa darasa. Mpe njia anazoweza kuzitumia bila kujianika. Asiweke emoji ya kicheko. Aifute upande wake. Amwandikie aliyetuma pembeni: "ondoa hiyo, itakuletea balaa." Na kama yeye ni admini, WhatsApp inamruhusu kufuta meseji ya mtu mwingine kwa wote, abonyeze, aifute, asitoe hotuba. Ikiwa aliye pichani ni mwanafunzi mwenzao, basi hapo hakuna kukaa kimya: mtu mzima mmoja aambiwe siku hiyohiyo, na asiambiwe kwa kutumiwa picha.

Baba yao ana jambo moja analoliona sawasawa, nami nisingependa lipotee katika ubishi wenu: usiku. Meseji nyingi za aina hii huingia saa ambazo mtoto yuko peke yake kitandani, amechoka, na hana wa kumgeuzia uso. Simu zote za nyumba hii, za wazazi zikiwemo, zilale zikichajiwa sebuleni. Za wazazi zikiwemo, narudia, la sivyo binti ataiona ni adhabu aliyopewa yeye. Hiyo itampa baba kitu cha kushika badala ya kabati, na haitamwadhibu mtoto kwa kosa la mtu mwingine.

Instagram ikikujibu kwamba "haikuona ukiukaji", usikubali jibu la kwanza. Mara nyingi lililojibu ni mashine. Omba mapitio, na uandike tena kwamba mpokeaji ni mtoto wa miaka 13. Kama ndani ya wiki chache zijazo unamwona binti yako amepoteza usingizi, anakwepa shule au anaruka simu inapolia, piga namba ya msaada wa watoto ya nchi yako. Kenya, Tanzania na Uganda ni 116, na nchi nyingi za Ulaya ni 116 111. Mzazi anaweza kupiga, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe bila kumwomba mtu ruhusa. Mwandikie namba hiyo aihifadhi kwenye simu yake, mkiwa hapohapo mnarekebisha mwaka wa kuzaliwa.